Bembelezi za pwani ya Tanga

Bembelezi (pia: bembea au pembejezi) ni nyimbo fupi za taratibu ambazo mlezi humwimbia mtoto mchanga ili anyamaze au apate usingizi. Katika fasihi simulizi ya Kiswahili bembelezi ni kipera cha utanzu wa nyimbo, sawa na nyiso za jandoni, wawe za wakulima na kimai za mabaharia. Makala hii inahusu hasa bembelezi za pwani ya kaskazini mwa Tanzania, yaani jiji la Tanga na wilaya za Mkinga, Muheza na Pangani, pamoja na yale ambayo utafiti umegundua kuhusu uwezo wa sauti na muziki kuleta usingizi na utulivu.

Jina na mahali pake katika fasihi

Jina linatokana na kitenzi "bembeleza", chenye maana ya kutuliza mtu kwa maneno au sauti laini, na pia kuomba kwa upole. Neno "bembea" humaanisha vilevile kifaa kinachoning'inia na kuyumba huku na huko. Maana hizo zinakutana katika wimbo wenyewe, kwa sababu bembelezi haiimbwi mtoto akiwa ametulia kama gogo: huimbwa akipakatwa, akitikiswa, akipigwapigwa mgongoni au akiwa amebebwa kwa mbeleko.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliiweka bembea miongoni mwa vipera vya ushairi unaoimbwa. Wanafunzi wengi huchanganya bembelezi na nyimbo za watoto. Tofauti yake ni rahisi: nyimbo za watoto huimbwa na watoto wenyewe wakicheza, ilhali bembelezi huimbwa kwa ajili ya mtoto na mtu aliyemzidi umri, awe mama, bibi, shangazi, yaya au dada yake wa miaka minane. Tumbuizo nazo ziko karibu na bembelezi, lakini hulenga kuliwaza au kuburudisha watu wa rika lolote.

Lugha za eneo

Pwani hii haina bembelezi za lugha moja. Waswahili wa Tanga na Pangani walikuwa na lahaja yao, Kimtang'ata, iliyoelezwa na mwanaisimu W. H. Whiteley katika kitabu cha mwaka 1956. Pamoja nao wako Wadigo na Wasegeju upande wa Mkinga, Wabondei wa Muheza, Wazigua wa kusini na magharibi, na Wasambaa wanaoshuka kutoka milima ya Usambara.

Juu ya hao waliongezeka wageni wa mashamba. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu iliyopona safarini ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na mwanzo huo mdogo mashamba yalienea hadi Muheza na Korogwe, yakavuta vibarua kutoka bara, Msumbiji na Ruanda-Urundi. Kambini mama wa kabila moja aliishi ukuta kwa ukuta na mama wa kabila jingine, na watoto walilelewa kwa zamu. Katika mazingira hayo si ajabu kwamba mtu mzima wa Tanga anaweza kukumbuka wimbo aliobembelezewa bila kujua maana ya maneno yake.

Muundo na uimbaji

Bembelezi huwa na mistari michache inayorudiwa mara nyingi. Sauti haipandi wala kushuka kwa ghafla; aghalabu huanza juu kidogo na kutelemka polepole, kama mtu anayeshusha pumzi. Mwendo wake hufuata mwendo wa mwili wa mwimbaji: hatua zake akitembea uani, au mkono wake unaopigapiga. Maneno yakimwishia, mwimbaji huendelea na sauti tupu za "aaa", "ooo" au "mmm" bila wimbo kuharibika. Hakuna ngoma, hakuna makofi, na hadhira ni mtu mmoja asiyejua kushangilia.

Hakuna maneno rasmi. Mwimbaji huingiza jina la mtoto, humtaja baba aliyekwenda baharini, humwahidi mtoto kitu kitakacholetwa kutoka sokoni. Kadiri mtoto anavyosinzia ndivyo sauti inavyopungua, mpaka inabaki pumzi tu. Mlezi mzoefu hakatishi wimbo ghafla, kwa kuwa anajua kwamba ukimya wa ghafla nao huamsha.

Maneno ni ya nani?

Jambo linalowashangaza wengi wanaosoma bembelezi kwa mara ya kwanza ni ukali wa baadhi ya maneno yake. Mtoto hutishiwa zimwi, fisi au mtu wa kuja kumchukua asiponyamaza. Nyingine hulalamikia mume aliyechelewa kurudi, mke mwenza, mawifi, au unga uliokwisha. Ukiziandika karatasini hazifanani hata kidogo na nyimbo za kumlaza mtu.

Ufafanuzi wake ni kwamba mtoto wa miezi mitatu hasikii maneno, anasikia sauti. Maneno ni mali ya mwimbaji. Katika nyumba yenye watu wengi, ambamo mke kijana hawezi kumjibu mama mkwe wala kumlaumu mume mbele ya watu, wimbo wa kumlaza mtoto ulikuwa nafasi pekee ya kusema bila kuonekana amesema. Anayesikia ukutani akasikia, lakini hawezi kugomba, maana mama alikuwa akimbembeleza mwanawe tu. Kwa hiyo ni makosa kuzisoma nyimbo hizi kana kwamba ni za mtoto peke yake. Zilimliwaza mlezi pia, na huenda mlezi ndiye aliyezihitaji zaidi.

Dai hilo lina uzito wa kitabibu. Nchini Uingereza utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia akina mama 134 waliokuwa na dalili za sonona baada ya kujifungua. Wale waliohudhuria vipindi vya kuimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10 na waliokuwa na dalili za kati au kali walipata nafuu haraka zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida. Ikumbukwe kwamba waliimba wao wenyewe, tena pamoja na wenzao. Hawakuwekewa muziki wa kusikiliza.

Jinsi sauti inavyoleta usingizi

Macho hufungwa mtu akilala, lakini masikio hayafungwi. Ubongo huendelea kupokea sauti usiku kucha na kuzichuja: zile za kawaida huachwa zipite, ngeni huamsha. Ndiyo maana mkazi wa Pangani halisikii wimbi linalopiga ufukweni lakini hushtuka bati likigongwa, na mama aliyechoka hulala fofofo wakati wa radi kisha huamka mtoto wake akikohoa.

Sauti ya taratibu, inayojirudia na isiyo na mshtuko huupa ubongo ishara kwamba hakuna hatari. Sehemu ya mfumo wa neva inayotuliza mwili huchukua nafasi, mapigo ya moyo hupungua, pumzi hurefuka na misuli hulegea. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni mazoea: wimbo uleule ukiimbwa kila usiku kabla ya kulala, wenyewe hugeuka kuwa alama ya usingizi, kama vile harufu ya chakula inavyoamsha njaa. Ya tatu ni kufunika. Sauti tulivu na ya mfululizo huzima tofauti kati ya ukimya na kelele ndogondogo, hivyo mlango ukifungwa haumshtui aliyelala.

Sauti za namna hii ya tatu, zenye mawimbi ya juu na ya chini kwa pamoja, huitwa na wanasayansi kelele nyeupe. Mvua ya masika juu ya bati ni kelele nyeupe ya bure, ingawa ikizidi watu chumbani hawawezi hata kuzungumza. Upepo katika mivinje ya ufukweni hufanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi.

Kwa mtoto mchanga kuna sababu nyingine. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito mtoto husikia tumboni moyo wa mama, mwendo wa damu na sauti ya mama akizungumza. Anapozaliwa, sauti hiyo si ngeni kwake. Moyo wake mwenyewe hupiga haraka, mara nyingi zaidi ya 120 kwa dakika, ilhali wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Bembelezi basi haifuati mwendo wa moyo wa mtoto. Inamvuta mtoto kuelekea mwendo wa mtu mzima anayemshika.

Utafiti juu ya watoto

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwasikilizisha watu 750 kutoka nchi 60 vipande vya sekunde 14 vya nyimbo 118 kutoka jamii ndogondogo 86 za dunia. Wasikilizaji, bila kuelewa lugha, waliweza kwa kiasi kikubwa kubainisha zipi ni za kubembeleza na zipi ni za kucheza. Mwaka 2020 watafiti wa kundi hilo walichapisha jaribio lingine la watoto wachanga 144 wa Marekani walioimbiwa kwa lugha ambazo hawajawahi kuzisikia. Mapigo ya moyo yalishuka zaidi wakati wa bembelezi kuliko wakati wa nyimbo nyingine. Matokeo haya yanaeleza vizuri kwa nini mtoto wa Kibondei alilala kwa wimbo wa Kimakonde.

Kwa watoto njiti, utafiti mkubwa ulifanyika Marekani katika hospitali 11 na kuchapishwa mwaka 2013. Watoto 272 waliimbiwa au kusikilizishwa ala zinazoiga moyo na sauti za tumboni. Mapigo ya moyo yalitulia, na wasiwasi wa wazazi ulipungua. Nyimbo zilizotumika zilichaguliwa na wazazi wenyewe, zikaimbwa moja kwa moja kwa kufuata pumzi ya mtoto. Hapa panafaa kusisitizwa: kilichopimwa hakikuwa kanda iliyonunuliwa dukani.

Kelele nyeupe nayo imejaribiwa. Mjini London mwaka 1990, watoto wachanga 16 kati ya 20 waliosikilizishwa sauti hiyo walilala ndani ya dakika tano, dhidi ya watano tu kati ya 20 wasiosikilizishwa. Hata hivyo kundi lilikuwa dogo, na kumlaza mtoto mara moja si sawa na kuboresha usingizi wake wa kila siku.

Kuhusu mbeleko, watafiti wa Japani mwaka 2022 waliwapima watoto 21 na kuona kwamba kumbeba mtoto anayelia na kutembea naye kwa dakika tano kulimtuliza kuliko kumshika umekaa. Walishauri mlezi asubiri dakika tano hadi nane baada ya mtoto kusinzia ndipo amlaze. Mabibi wa pwani hawakuwa na saa mkononi, lakini shauri lao la kutomtua mtoto mpaka shingo na mikono vilegee ni lilelile.

Watu wazima

Pwani ya Tanga haina desturi inayojulikana sana ya kumwimbia mtu mzima ili alale. Wengi hulala baada ya dua, kisomo cha Kurani au kasida zinazosikilizwa kwa sauti ndogo. Katika maeneo yenye Wakristo wengi, kama Magila karibu na Muheza, sala na tenzi za jioni huchukua nafasi hiyo. Taarabu iliyoipa Tanga sifa kupitia Black Star Musical Club na sauti ya Shakila Saidi ni muziki wa kukesha, si wa kulala, japo wazee wengi siku hizi husinzia nayo redioni.

Ushahidi wa muziki kwa watu wazima wenye matatizo ya usingizi ni mzuri kiasi. Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2022 yalikusanya tafiti 13 zenye washiriki 1007. Yalihitimisha kwamba kusikiliza muziki kila siku huenda kunaboresha ubora wa usingizi kama wahusika wenyewe wanavyoueleza. Kwa wanafunzi upo mfano wa Budapest, Hungaria, uliochapishwa mwaka 2008: vijana 94 wa miaka 19 hadi 28 waligawanywa, wengine wakasikiliza muziki wa taratibu kwa dakika 45 kila usiku kwa wiki tatu, wengine hadithi zilizosomwa, na wengine wakaachwa bila kitu. Waliosikiliza muziki walilala vizuri zaidi, wa hadithi hawakupata faida hiyo.

Si kila muziki unafaa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba nyimbo zinazovuma zinaweza kubaki zikijirudia kichwani na kuharibu usingizi, na ajabu ni kwamba zile zilizopigwa kwa ala bila maneno zilisumbua zaidi, pengine kwa sababu ubongo hujaribu kujazia maneno. Kuhusu kelele nyeupe kwa watu wazima, mapitio ya mwaka 2021 yalikuta ushahidi dhaifu sana.

Kelele za usiku

Sauti inayolaza na inayoamsha ni sauti ileile kwa kipimo tofauti. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele ya mfululizo chumbani wakati wa kulala isizidi desibeli 30, kiwango cha mnong'ono. Kelele inayozidi sana kiwango hicho hupandisha mapigo ya moyo hata kama aliyelala haamki wala hakumbuki kitu asubuhi.

Katika mitaa yenye nyumba zilizobanana, kama ile ya Ngamiani, usiku unaweza kuwa na muziki wa harusi, baa, vipaza sauti, pikipiki na jenereta. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo lenye jukumu la kuzisimamia. Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, jirani hapendi kumshtaki jirani kwa sababu ya harusi, na wanaopoteza usingizi ni wale wasioweza kulalamika: watoto, wagonjwa na wanafunzi wa asubuhi.

Tahadhari

Simu sasa inafanya kazi iliyokuwa ya bibi. Kosa la kawaida ni kuiweka ndani ya chandarua, karibu na kichwa cha mtoto, sauti ikiwa juu. Watafiti wa Toronto, Kanada, walipima mwaka 2014 vifaa 14 vya kuwalaza watoto na kukuta kwamba vyote, sauti ikifunguliwa hadi mwisho, vilizidi desibeli 50 kwa umbali wa mita moja, na vitatu vilizidi 85 kwa sentimita 30. Kifaa kiwekwe mbali na kitanda, sauti iwe ndogo, na kizimwe mtoto akishalala. Hedifoni hazifai kwa mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani linashauri pia mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa. Umri wa hadi miezi mitatu anahitaji saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku.

Kumpa mtoto piritoni au dawa ya kikohozi ili alale ni hatari, kwani dawa hizo zinaweza kumzuia kupumua vizuri. Mtoto anayelia bila kunyamaza huenda ana homa, maumivu ya sikio au njaa, na hakuna wimbo unaotibu hayo. Mtoto mwenye homa anayesinzia kupita kiasi, asiyenyonya au anayepatwa na degedege hajatulia: huenda ana malaria kali na anatakiwa kufikishwa zahanati au hospitali mara moja, usiku huohuo. Mtu mzima anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa naye amwone mganga wa hospitali, kwa kuwa sonona na magonjwa ya moyo huanza hivyo kwa baadhi ya watu.

Uhifadhi

Bembelezi huimbwa chumbani, usiku, na mtu mmoja, kwa hiyo ni vigumu kurekodiwa kuliko ngoma au taarabu. Anayezikusanya akimwomba bibi aimbe mchana mbele ya watu hupata mistari miwili na kicheko. Njia bora ni kusubiri awe na mjukuu mikononi, na kuomba ruhusa yake na ya mama wa mtoto kabla ya kurekodi, hasa pale maneno yanapotaja watu wa nyumba hiyo. Pamoja na maneno inafaa kuandika lugha, kijiji, nani alimfundisha mwimbaji, na alikuwa akimshikaje mtoto.

Hali ni ya haraka zaidi kwa lugha zenye wazungumzaji wachache. Kidaiso cha wilayani Mkinga, chenye undugu wa karibu na Kikamba na Kigikuyu, kinazungukwa na Kiswahili na Kidigo, na watoto wengi hawabembelezwi tena kwa lugha hiyo. Kidigo chenyewe kina nguvu zaidi, na kwa vile kinasemwa pande zote mbili za mpaka, bembelezi zake zapaswa kukusanywa Mkinga na Kwale nchini Kenya kwa pamoja.